FUNDISHO: KUUZA SAA YA OKAZIO BILA KUFICHA KITU

Leo tunataka kujifunza namna ya kuuza saa ya mukono iliyokwisha kuvaliwa, ile tunayoita okazio. Tumechagua fundisho hili kwa sababu ya jambo lililotokea katikati yetu.

Mwenzetu mumoja alinunua saa ku soko, kusudi imusaidie wakati wa mitihani, maana simu haziingie katika chumba cha mitihani. Muuzaji alimwambia: "Iko inatembea muzuri." Kweli, ilikuwa inatembea. Lakini kesho yake ilikuwa imechelewa dakika 20. Sasa alitaka kuiuzisha kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akatuuliza: "Na mimi niseme tu kama inatembea? Si njo vile waliniambia?"

Tusimucheke. Feza ikipotea inauma. Lakini yule mutoto wa mwaka wa kwanza hakumwibia kitu.

1. Kuipima mbele ya kuisifu

Mutu hawezi kusema kweli juu ya kitu asichokipima. Saa za mishale ziko hasa za namna mbili.

Saa ya pile iko na kipande kidogo cha kwatzi ndani yake, kinachotetemeka mara 32.768 kwa segonde. Ya kwanza ya mukono iliuzwa na Seiko, huko Japani, mwaka wa 1969. Ikiwa nzima, inapotea segonde chache tu kwa mwezi. Mushale wa segonde ukianza kuruka segonde 4 kwa mara moja, katika saa nyingi ni alama kama pile inakwisha. Pile iliyokufa isiachwe ndani, maana inaweza kutoa maji yake na kuharibu vyuma.

Saa ya kamani inatembea kwa nguvu ya kamani iliyokazwa. Hii inaweza kupotea segonde 10 mpaka 30 kwa siku, na si ugonjwa. Dakika 20 ni ugonjwa.

Basi, tuiweke sawa na saa ya kweli, tuiache siku muzima, kisha tulinganishe. Angalisho: redio ikitaja saa ya Kinshasa, tukumbuke kama Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Kigoma iko mbele yetu saa moja. Bujumbura iko sawa na Uvira. Tusiishitaki saa bure!

2. Mambo matatu ya kusema

(a) Kinachoonekana: kioo kimepasuka? Mukanda umechakaa?

(b) Kilichobadilishwa: pile, kioo, mishale, na nani aliyetengeneza.

(c) Tusichojua. Hapa njo wengi wanaanguka. Wanafikiri kunyamaza si uongo. Kama juu imeandikwa Seiko na fundi hajaifungua, tuseme: "Jina ni hilo, ndani sijui."

Na sisi watu wa kando ya ziwa tuangalie sana maandiko ya "30 m". Hayasemi mutu azame nayo katika Tanganyika metre 30. Saa ya namna ile inavumilia mvua na matone ya kunawa mikono, si kuogelea. Tena, mupira unaozuia maji unazeeka. Muuzaji aseme: "Sikuipima, usiingie nayo katika maji."

3. Sheria inasema nini?

Sheria ya Congo juu ya mapatano, ya tarehe 30 Julai 1888, inamufunga muuzaji juu ya kilema kilichofichika. Kilema ambacho munuzi angeweza kukiona mwenyewe, muuzaji hakijibii. Lakini kama alijua kilema cha ndani akanyamaza, anaweza kurudisha bei na kulipa hasara pia.

Munuzi naye asijione mutakatifu. Mezali 20:14 inataja yule anayechafua kitu kusudi bei ishuke, kisha anakwenda akijisifu.

4. Mwisho wa jambo letu

Tulimwambia mwenzetu aseme hivi: "Inachelewa dakika 20 kwa siku. Kioo ni kizima, mukanda ni mupya. Fundi hajaifungua." Yule mutoto aliposikia, akakataa. Mwenzetu akakasirika na sisi siku mbili. Kisha akasema maneno yale yale mbele ya fundi wa saa, na fundi akainunua kusudi apate vipande vya kutengenezea saa zingine. Alipata chini ya nusu ya feza yake. Hasara ilibaki kwake, hatuwezi kuficha neno hilo. Lakini iliishia pale, haikupita kwa mwingine.

MAULIZO

1. "Inatembea" na "inatembea sawasawa" zinaachana namna gani?

2. Munuzi asipouliza kitu, muuzaji anapashwa kusema nini?

3. Je, nyumbani kwenu kuko kitu cha kuuza? Andika kilema chake kwa musitari mumoja, bila kukipunguza.