Elimu ya Kidijitali: Bluetooth Ikikata Sauti Kwenye Kompyuta, Anzia Hapa

Tangu mwaka wa 2020, mahakama nyingi nchini zimekuwa zikisikiliza kesi kwa njia ya video. Mahojiano ya kazi, masomo ya vyuo, kazi za mtandaoni na hata baadhi ya vikao vya kukusanya maoni ya wananchi vimefuata njia hiyo hiyo. Katika vikao vya aina hii, sauti ndiyo kila kitu. Mkaazi ambaye sauti yake imepotea jina lake linapoitwa hana tofauti na yule ambaye hakuhudhuria.

Malalamiko ya kawaida ni haya: hedifoni au spika ya Bluetooth inafanya kazi vizuri, kisha sauti inakatika, inageuka kuwa mbaya, au Bluetooth yenyewe inatoweka kwenye kompyuta. Wengi hukimbilia kununua hedifoni mpya au kumlipa fundi aweke Windows upya. Mara nyingi hakuna haja ya lolote kati ya hayo. Somo hili litakusaidia kutambua kiini cha tatizo kabla ya kutumia pesa.

Maelezo yanahusu kompyuta za Windows 10 na Windows 11. Majina ya sehemu za kubonyeza tumeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini nyingi.

SAUTI HUSAFIRI VIPI?

Bluetooth ni redio ndogo. Hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.4, ambayo pia hutumiwa na Wi-Fi na vifaa vingine vingi vya nyumbani na ofisini. Ili kukwepa msongamano huo, Bluetooth ya sauti huruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine, hadi mara 1,600 kwa sekunde. Ni kama bodaboda inayopenya katikati ya magari: hupita pale gari lisipoweza kupita, lakini barabara ikijaa kabisa nayo hukwama.

Jambo la pili la kujua ni kwamba hedifoni za kawaida za Bluetooth zina njia mbili za kupitisha sauti. Njia ya kwanza, iitwayo A2DP, ni ya kusikiliza tu. Sauti yake ni safi na hufika masikio yote mawili. Njia ya pili, iitwayo HFP, ni ya mazungumzo. Hii hupeleka sauti kwako na kuirudisha kutoka kwenye maikrofoni ya hedifoni, lakini kwa ubora wa chini. Sauti ya muziki hupimwa mara 44,100 au zaidi kwa sekunde. Ile ya mazungumzo hupimwa mara 8,000 au 16,000 pekee. Njia hizi mbili hazitumiki kwa wakati mmoja. Hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

JARIBIO LA KWANZA: BADILISHANA VIFAA

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, fanya jaribio hili. Linachukua kama dakika 20.

Kwanza, chaji hedifoni hadi zijae. Zima Bluetooth ya kompyuta. Unganisha hedifoni na simu yako na ucheze wimbo uliohifadhiwa kwenye simu, si wa mtandaoni, kwa dakika 10. Kisha zima Bluetooth ya simu, washa ya kompyuta, uunganishe kompyuta na spika au hedifoni nyingine ya kuazima, na ucheze wimbo uliohifadhiwa kwenye kompyuta kwa muda uo huo.

Soma matokeo hivi:

• Hedifoni zikikatika hata kwenye simu, tatizo huenda liko kwenye hedifoni zenyewe. Betri iliyochoka ndiyo ya kushukiwa kwanza.

• Hedifoni zikiwa sawa kwenye simu, lakini kompyuta ikakata sauti hata kwa kifaa cha kuazima, tatizo liko kwenye kompyuta au mahali ilipowekwa.

• Kila kimoja kikifanya kazi vizuri na mwenzake wa muda, basi ni uhusiano wa kompyuta yako na hedifoni zako ulioharibika. Ingia "Settings", kisha sehemu ya Bluetooth, chagua jina la hedifoni na ubonyeze "Remove device". Futa pia kumbukumbu ya hedifoni kwa kufuata kijitabu kilichokuja nazo, kisha uzioanishe upya.

Tahadhari: ikiwa kipanya na kibodi yako ni vya Bluetooth, tafuta kipanya cha waya kabla ya kuzima Bluetooth ya kompyuta. La sivyo utabaki huna namna ya kuiwasha tena.

DALILI NNE NA DAWA YAKE

Ikiwa tatizo limebaki kwenye kompyuta, angalia dalili yako ni ipi kati ya hizi nne.

Dalili ya 1: Sauti inakatikakatika lakini muunganisho upo

Hapa tatizo kwa kawaida ni msongamano wa mawimbi. Zima Wi-Fi kwa dakika chache huku ukicheza wimbo uliohifadhiwa. Sauti ikitulia, umepata jibu. Kwenye vipakatalishi vingi, Wi-Fi na Bluetooth hutumia kadi moja, na zote mbili zikiwa kwenye gigahezi 2.4 husukumana.

Dawa ni kuihamisha Wi-Fi. Ruta nyingi za sasa hutoa pia mtandao wa gigahezi 5. Unganisha kompyuta na huo. Ukitumia intaneti ya simu, angalia mipangilio ya hotspot. Simu nyingi hukuruhusu kuchagua gigahezi 5. Njia rahisi zaidi ni kuunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB na kuwasha "USB tethering". Intaneti itapita kwenye waya, na hewa itabaki ya Bluetooth.

Angalia pia vifaa vya USB 3, ambavyo tundu lake mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani. Diski ya nje ya aina hii inapofanya kazi hutoa kelele katika masafa yale yale ya Bluetooth. Ihamishie upande wa pili wa kompyuta. Kama unatumia kidude cha Bluetooth cha USB, kichomeke kupitia waya mfupi wa kurefusha ili kikae mbali na diski.

Umbali nao una maana. Vifaa vingi vya kawaida vimekusudiwa kufika takriban mita 10 pasipo kizuizi. Mabati, ukuta wa mawe na hata mwili wa binadamu, ambao una maji mengi, hupunguza nguvu za mawimbi.

Dalili ya 2: Sauti inaharibika au inapotea mara tu kikao kinapoanza

Muziki ulikuwa safi, lakini ulipoingia kwenye Zoom, Teams au Google Meet sauti ikawa kama inatoka ndani ya mkebe. Hedifoni hazijaharibika. Programu imefungua maikrofoni ya hedifoni, na kompyuta imehama kutoka njia ya kusikiliza hadi njia ya mazungumzo. Katika kuhama huko, wakati mwingine sauti hupotea kabisa.

Dawa: fungua mipangilio ya sauti ndani ya programu ya kikao. Mahali pa spika, chagua hedifoni zako. Mahali pa maikrofoni, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe. Hedifoni zitabaki kwenye njia ya kusikiliza, nawe utaongea kupitia kompyuta. Keti karibu na kompyuta, mahali pasipo na kelele.

Kwenye Windows 10, hedifoni moja huonekana kama vifaa viwili: kimoja kina neno "Stereo" na kingine "Hands-Free". Ukichagua "Stereo" kwa kusikiliza na maikrofoni ya kompyuta kwa kuongea, uko salama. Windows 11 huonyesha jina moja, lakini kanuni ya maikrofoni ni ile ile. Teknolojia mpya ya LE Audio inapunguza tatizo hili, ila kompyuta na hedifoni zote mbili lazima ziwe zinaikubali.

Dalili ya 3: Muunganisho unakatika wenyewe baada ya muda

Shuku simu yako kwanza. Hedifoni nyingi hukumbuka vifaa kadhaa, na simu iliyo mfukoni inaweza kuzivuta inapolia. Zima Bluetooth ya simu wakati wa kikao.

Likiendelea, angalia mpango wa kuhifadhi umeme. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, chagua "Device Manager", fungua sehemu ya Bluetooth, kisha ufungue sifa za adapta. Ukiona ukurasa wa "Power Management", ondoa alama kwenye maneno yanayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Baadhi ya kompyuta hazina ukurasa huu, usihangaike kuutafuta. Chomeka kompyuta kwenye umeme na uzime hali ya kuokoa betri.

Dalili ya 4: Bluetooth inatoweka, au kompyuta inaganda

Hili ni tatizo la draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kadi ya Bluetooth, au la kadi yenyewe. Fuata hatua hizi kwa utaratibu, na usimame pale tatizo litakapokwisha:

1. Chagua "Restart", si "Shut down". Kwenye kompyuta nyingi, "Shut down" haifungi Windows kikamilifu. Huhifadhi sehemu yake ili iwake haraka. "Restart" ndiyo inayoanzisha draiva upya.

2. Kadi isipoonekana bado, zima kompyuta huku umebonyeza kitufe cha Shift, chomoa chaja, ungoje dakika chache, kisha uwashe.

3. Ingia "Windows Update" na upakue masasisho yaliyopo. Kumbuka kwamba Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya bila malipo ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

4. Tatizo likiwa lilianza mara baada ya sasisho, rudi kwenye sifa za adapta, ukurasa wa "Driver", ubonyeze "Roll Back Driver" kama kitufe hicho kinakubali kubonyezwa.

5. La sivyo, pakua draiva kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, ukitumia nambari ya modeli iliyoandikwa chini yake. Usikubali programu za matangazo zinazodai kukusasishia draiva zote. Wala usimruhusu mtu usiyemjua aingie kwenye kompyuta yako kutoka mbali.

Ikiwa umeongeza kidude cha Bluetooth cha USB kwenye kompyuta iliyo na Bluetooth yake, zima ile ya ndani katika "Device Manager". Windows hufanya kazi na redio moja ya Bluetooth kwa wakati mmoja; mbili hugombana.

SIKU YA KIKAO MUHIMU

Chukulia una mahojiano saa nne asubuhi. Saa tatu si wakati wa kuanza kubadilisha draiva. Jaribu sauti jioni ya siku iliyotangulia, ukitumia programu ile ile ya kikao. Asubuhi, washa kompyuta upya, zima Bluetooth ya simu, kisha chagua spika na maikrofoni kama tulivyoeleza.

Muhimu kuliko yote, weka hedifoni za waya mezani. Sauti ikipotea katikati ya kikao, usianze kutafuta mipangilio: chomeka waya, zima Bluetooth, na uendelee. Waya hauna msongamano wa hewa wala betri ya kuisha. Matatizo ya Bluetooth yatangoja hadi kikao kiishe.

UKILAZIMIKA KWENDA KWA FUNDI

Nenda na taarifa. Andika ni dalili ipi kati ya nne uliyo nayo, ilianza lini, na matokeo ya jaribio la kubadilishana vifaa. Kompyuta ikiwa inaganda, andika "reliability" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows na ufungue "View reliability history". Utaona kalenda yenye alama nyekundu siku ambazo programu au kifaa kilianguka. Piga picha ukurasa huo. Fundi akipendekeza kuweka Windows upya, muulize kwanza kama amejaribu draiva ya mtengenezaji, na uhifadhi nakala ya faili zako kabla hajaanza. Kwa tatizo la kadi, kidude cha USB kinaweza kutosha badala ya kompyuta mpya.

JIPIME

1. Sauti ni safi kwenye muziki lakini mbaya kwenye Zoom. Utabadilisha nini?
2. Sauti hukatikakatika unapotumia hotspot ya simu pekee. Utafanya nini?
3. Hedifoni zinakatika kwenye simu na kwenye kompyuta. Je, ubadilishe draiva?

Majibu: (1) Chagua maikrofoni ya kompyuta. (2) Tumia gigahezi 5 au waya wa USB. (3) Hapana; kagua hedifoni na betri yake.

Kata ukurasa huu uuweke karibu na kompyuta ya nyumbani, ya shule au ya kikundi chenu. Mwonyeshe pia jirani mwenye kikao wiki ijayo, na mfanye jaribio la kubadilishana vifaa pamoja mapema.