Picha kwenye skrini wakati wa Mageuzo



Leo nina somo kwa nyie mnaokaa nyuma ya kompyuta kanisani, mnaorusha maneno ya nyimbo kwenye skrini. Mimi ni mwenzenu, na nimeshakosea, ndiyo maana naandika.

Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji, Baba Paroko aliniachia slaidi za Misa ya vijana. Nikajipanga kweli kweli. Kila wimbo na picha yake, matoleo na picha ya mkate na zabibu, na kwa ajili ya Mageuzo nikatafuta picha kali: mikono ya padre imeinua Hostia, mwanga unamwagika kutoka juu. Kengele ikalia, nikabonyeza. Picha ikatokea kubwa, inang'aa. Nikatazama watu wameipokeaje. Karibu wote walikuwa wamegeuza shingo kushoto, kwenye skrini. Padre alikuwa katikati, altareni, ameinua Mwili wa Kristo.

Usiku ule sikulala vizuri.

Kwenye falsafa tulifundishwa kutofautisha ishara na kile kinachoashiriwa. Kibao cha barabarani kinakuelekeza mjini. Ukishafika mjini, hubaki umekikodolea macho. Nilifaulu mtihani wa somo hilo, jamani, halafu nikaenda kulisahau kanisani!

Msinielewe vibaya, sisemi picha ni mbaya. Katika karne ya 8, Kaisari Leo III wa Konstantinopoli alipozipinga picha takatifu, Mtakatifu Yohane wa Damasko aliandika hotuba tatu kuzitetea. Hoja yake ni nzito: Mungu asiyeonekana amejifanya mtu, akaonekana kwa macho, kwa hiyo anaweza kuchorwa. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ukafundisha kwamba heshima tunayoipa picha humwendea yule aliyechorwa. Yaani picha inakupeleka kwa mwenyewe. Sasa mimi niliwapa watu picha wakati mwenyewe yupo hatua chache mbele yao, nikawatoa kwake.

Maelekezo ya jumla yaliyo mwanzoni mwa Misale ya Roma, namba 318, yanasema picha takatifu zisizidishwe ovyo, na ziwekwe kwa namna ambayo haziwaondoi waamini kwenye adhimisho. Yalilenga sanamu na michoro ya kanisani, lakini naona yanatuhusu hata sisi wa projekta. Tena sisi zaidi, maana sanamu ya Mtakatifu Yosefu haibadiliki kila dakika mbili.

Basi siku hizi nafanya hivi. Kuanzia "Mtakatifu, Mtakatifu" ukiisha hadi Baba Yetu, skrini inakuwa nyeusi. Kwenye PowerPoint, ukiwa unaonyesha slaidi, bonyeza herufi B; ukibonyeza tena inarudi. Au weka kabisa slaidi nyeusi tupu mahali pake, usitegemee kumbukumbu, kwa sababu na wewe unatakiwa kusali wakati huo. Jumapili ya kwanza mzee mmoja alinifuata nje: "Frateri, naona mashine yenu ilizima." Nikamweleza. Akacheka, akasema alidhani umeme umekatika.

Kwenye nyimbo, picha moja tulivu nyuma ya maneno inatosha wimbo mzima. Kama mnatumia OpenLP, ambayo ni ya bure, picha ya nyuma ya maneno iwekeni kwenye mandhari ya wimbo, msibandike kwenye kila ubeti. Chagua yenye giza, maandishi yawe meupe, kisha nenda ukakae benchi la mwisho usome. Usiposoma wewe mwenye macho ya miaka ishirini na, bibi yako hatasoma.

Kitu kingine kinachoniumiza ni Yesu aliyevutwa akawa mnene. Projekta ya 16:9 inataka picha kama ya 1920 kwa 1080. Picha ikiwa ya umbo lingine, ikate, usiivute. Na mkitumiana picha kwa WhatsApp, tumeni kama faili la hati, la sivyo inapunguzwa ubora na ukutani inaonekana ukungu mtupu.

Kabla ya yote mwonyeshe Baba Paroko slaidi zako, Jumamosi, siyo dakika tano kabla ya Misa. Mimi sikumwonyesha.