KUWEKA SAMAKI WABICHI KATIKA NCHI YA JOTO

Kutoka mto Tana, upitao kando ya mji wa Garissa, mpaka Dadaab ni mwendo wa karibu kilomita 100 katika nchi kavu yenye jua kali. Tangu mwaka 1991, kambi za wakimbizi zilipoanza kufunguliwa huko, Dadaab imekuwa na watu wengi na masoko makubwa. Lakini samaki aliyevuliwa alfajiri aweza kuharibika kabla ya kufika huko, na jasho la mvuvi likapotea bure.

Watu wengi hudhani kwamba samaki huanza kuoza sokoni. Sivyo. Huanza pale pale anapokufa. Vijidudu vilivyomo tumboni, katika matamvua na juu ya ngozi huanza kuila nyama, na joto huvihimiza. Kwa hiyo njia ni mbili: kumweka samaki hai, au akifa kumpoza upesi.

Kambare huwekwa hai bila taabu, maana ana kiungo juu ya matamvua kimwezeshacho kuvuta hewa akiwa nje ya maji. Atiwe katika kapu lenye majani mabichi, kivulini, na kunyunyiziwa maji mara kwa mara. Akitiwa katika debe, lisifunikwe likakosa hewa.

Perege ni tofauti. Yeye hutegemea hewa iliyomo majini, na maji ya moto huwa na hewa haba. Perege wengi wakirundikwa katika ndoo moja, hufa upesi. Afadhali wauawe mara moja kuliko kuachwa watapetape mchangani, maana samaki aliyechoka sana huharibika mapema.

Wavuvi wengine hulifunga kapu la samaki majini ukingoni. Samaki hukaa vizuri, lakini mto Tana una mamba. Mvuvi asiingie majini kulichukua. Alivute kwa kamba ndefu, akisimama mbali na ukingo.

Kwa kupoza, barafu iliyopondwa ndiyo bora: tabaka la barafu, kisha tabaka la samaki. Katika joto kali uzito wa barafu ulingane na wa samaki, na sanduku liwe na tundu chini ili maji yatoke. Asiye na barafu awafunike samaki kwa gunia lililoloweshwa maji safi, mahali penye kivuli na upepo. Maji yakaukapo huondoa joto, kama mtungi upoezavyo maji ya kunywa. Lakini gunia huongeza saa chache tu, si siku.

Kabla ya safari samaki wachaguliwe. Aliye mzima ana macho maangavu, matamvua mekundu, na nyama ibonyezwayo ikarudi. Mwenye harufu mbaya atupwe, kwani wahenga walisema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wala chumvi wala moto haumrudishii samaki ubichi wake.