Somo la Mwezi: Ngao Moja na Ngao Mbili

Ndugu Wanachama,

Katika somo la leo naomba mniwie radhi, maana sitasema habari ya mikarafuu, wala ya palizi, wala ya bei. Nitasema habari ya damu. Sababu yake ni safari niliyokwenda baada ya msimu wa kuchuma. Nilivuka bahari mpaka Tanga, nikapita Korogwe, nikafika Handeni, na kutoka hapo nikapanda basi mpaka Kang'ata kumtazama shangazi yangu, aliyeolewa huko tangu mimi mdogo. Nilipokewa kwa ukarimu, na nyumba ilikuwa imejaa watu. Lakini furaha haikuwamo.

Mjukuu wake, mtoto wa miaka saba, alikuwa amelala mkekani akilia kwa maumivu ya mifupa. Macho yake yalikuwa ya manjano, na mwili wake mdogo kuliko umri wake. Niliambiwa ya kuwa alipokuwa na miezi minane vidole vya mikono na miguu vilimvimba, na tangu hapo hakupata mwaka mzima wa afya. Kaka yake aliugua vivyo hivyo akafa. Tena yalikuwako maneno mazito kuliko ugonjwa wenyewe: kwamba damu ya mama yake ni mbovu, na wazee wa upande wa mume wamekwisha kata shauri aachwe.

Nikamwambia, "Shangazi, kabla hamjamrudisha mtoto wa watu kwao, damu imepimwa?"

Akanijibu, "Mwanangu, ya mtoto imepimwa mara nyingi, na kila mara twaambiwa malaria."

"Na ya baba yake?"

"Baba yake ana nini hata apimwe? Yeye si mgonjwa."

Neno hilo la mwisho, ndugu zangu, ndilo lililonifanya niandike somo hili.

UGONJWA WENYEWE

Tulimpeleka mtoto hospitali, na baba na mama wakaenda pamoja naye. Ugonjwa ukaonekana kuwa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Jina hili latokana na mundu. Chembe nyekundu ya damu iliyo nzima ni ya mviringo, mfano wa kitumbua kilichobonyezwa katikati, na ni laini, hupita katika mishipa myembamba bila taabu. Chembe ya mgonjwa wa selimundu, ikipungukiwa na hewa safi, hujikunja ikawa ngumu yenye umbo la mundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo kama takataka zikwamavyo katika mfereji, na pale zilipokwama damu haipiti. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa, na hiyo ndiyo sababu ya vidole vya mtoto mchanga kuvimba.

Tena chembe nzima huishi siku zipatazo 120, lakini chembe hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 tu. Mwili hauwahi kutengeneza nyingine za kutosha. Kwa hivyo mgonjwa hupungukiwa na damu, na macho yake huwa ya manjano.

ULIJULIKANAJE

Mtu wa kwanza aliyeandikwa habari zake katika vitabu vya udaktari wa kisasa alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka Grenada, kisiwa cha viungo kama chetu, ambako hulimwa kungumanga. Alikwenda kusoma Chicago, Marekani, akaugua huko, na Daktari James Herrick akatangaza habari ya chembe zake za ajabu mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenziwe walionyesha ya kuwa kasoro imo ndani ya ile rangi nyekundu ya damu inayochukua hewa. Baadaye kidogo Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, Uingereza, akaipata kasoro yenyewe. Fikirini uzi wenye shanga 146, na ushanga wa sita tu ndio uliobadilishwa. Ni hayo tu, na mtoto hulia usiku kucha.

Lakini swali kubwa lilijibiwa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka huo huo wa 1949 kijana mmoja aliyelelewa Kenya, jina lake Anthony Allison, alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la kushangaza. Watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria walikuwa na alama ya selimundu kwa wingi. Watu wa nyanda za juu walikuwa nayo kwa uchache sana. Akajiuliza: alama inayoua watoto, mbona haikwisha yenyewe kwa karne nyingi? Na kwa nini ipo zaidi penye mbu?

Hapa pana somo kwa kila mkulima, maana Allison hakutosheka na kudhani. Alihesabu. Huko Uganda alipima watoto 290. Watoto 43 walikuwa na alama, na kati yao 12 walionekana na vijidudu vya malaria, yaani kama 28 katika kila 100. Watoto 247 hawakuwa na alama, na kati yao 113 walikuwa na vijidudu, yaani kama 46 katika kila 100. Tena Wajaluo 30, watu wazima waliojitolea, waliambukizwa malaria kwa kusudi: katika 15 wenye alama wawili tu walishikwa, na katika 15 wasio nayo wakashikwa 14. Jaribio kama hilo leo lisingeruhusiwa kwa wepesi, lakini jibu lake lilitangazwa mwaka 1954, na uchunguzi mwingi uliofuata umelithibitisha.

Basi alama ya selimundu si laana wala si uchafu wa ukoo. Ni ngao. Babu zetu waliokuwa nayo walipona malaria utotoni, wakaoa, wakazaa, wakaturithisha.

HESABU YA URITHI

Kila mtu ana mafungu mawili ya urithi huu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Hospitali huandika fungu zima kwa herufi A, na fungu lenye alama kwa herufi S. Mwenye AA hana alama. Mwenye AS ana ngao moja. Hulima, hupanda mkarafuu, huzeeka, na pengine hajui kitu. Mwenye SS ana ngao mbili, na huyo ndiye mgonjwa. Ngao ya pili haimzidishii kinga. Malaria ikimshika yeye humdhuru zaidi kuliko wote.

Sasa sikilizeni hesabu. Baba AS akioa mama AS, katika kila mimba pana nafasi moja katika nne ya mtoto SS, nafasi mbili za AS, na moja ya AA. Nasema katika kila mimba. Asidhani mtu ya kuwa mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu yake upya. Baba AS akioa mama AA, hapatazaliwa mtoto SS, ingawa nusu yao huenda wakachukua alama. Na AS akioana na SS, nafasi ya mgonjwa ni nusu kwa nusu.

Mkiielewa hesabu hiyo mtaona mara moja ya kuwa mtoto SS hawezi kuupata ugonjwa wake kwa mama peke yake. Lazima baba naye ametoa fungu lake. Huko Kang'ata matokeo yalipokuja, mtoto alikuwa SS, mama AS, na baba AS. Daktari alieleza taratibu mbele ya wazee. Baba mtu alinyamaza kwa kitambo, kisha akasema, "Basi tumempa sote wawili." Kwa siku zote nilizokaa baada ya hapo sikusikia tena habari ya talaka.

Yafaa pia tuseme wazi habari ya kuoana binamu kwa binamu, desturi iliyo kwetu. Haikatazwi, wala si kila ndoa ya namna hiyo ina hatari. Lakini babu mmoja akiwa na alama, wajukuu wake wa pande mbili huenda wote wakawa nayo. Ndiyo maana kupima ni bora zaidi kwao.

MATIBABU YALIYOPO

Katika Tanzania wataalamu wanakadiria watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Zamani wengi walikufa kabla ya miaka mitano. Leo si lazima iwe hivyo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, pamoja na chuo kikuu chake, imekuwa na mpango wa kuwafuatilia wagonjwa hawa tangu mwaka 2004. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi nne, na kimojawapo cha vituo vyake kilikuwa Kilifi, pwani ya Kenya. Watoto waliopewa dawa ya hydroxyurea kila siku walipungukiwa na maumivu, na malaria, na haja ya kuongezewa damu, hata vifo vilipungua. Dawa hii hutolewa na daktari na damu hupimwa mara kwa mara. Asinunue mtu dukani akampa mtoto kwa kubahatisha.

Basi kwa ufupi, yafuatayo ndiyo ya kushika:

1. Mtoto anayevimba vidole, au mwenye macho ya manjano na maumivu ya mifupa yanayorudi, apimwe selimundu, si malaria peke yake.

2. Mtoto SS apewe dawa za kinga kama alivyoagizwa, alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Akipata homa apelekwe hospitali siku ile ile; asingojwe mpaka kesho.

3. Wachumba wapime kabla ya akdi, na waulize jibu kwa herufi: AA, AS au SS. Wakionekana wote ni AS, shauri ni lao wenyewe, lakini waamue wakijua.

4. Mwenye AS asiitwe mgonjwa, wala asidhani ya kuwa hapati malaria. Chandarua ni chake pia.

Kwetu visiwani malaria imepungua sana kuliko zamani za wazee wetu, na hiyo ni neema. Lakini adui akipungua, ngao haiondoki katika damu. Inaendelea kurithiwa, na hatari ya ngao mbili kukutana ipo pale pale.

Nilipokuwa hospitali pamoja nao niliona si vizuri kuwashauri wengine nami nimekaa kando, nikatoa mkono wangu. Jibu langu ni AS. Niliporudi nyumbani mke wangu naye alipima, akaonekana AA. Watoto wetu hawatakuwa na ugonjwa huu, lakini huenda baadhi yao wana ngao yangu, na nimewaandikia katika daftari la nyumbani ili wakifika umri wa kuoa wakumbuke kupima. Nayaandika haya bila kuona haya, na namwomba kila mzee wa nyumba miongoni mwetu afanye vivyo hivyo kabla ya kupokea posa nyingine.

Mwenye swali na alilete ofisini, au aniulize siku ya mkutano.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama