Daftari la Droni ya Salfa

Msimu wa kupulizia mikorosho huku Mtwara, droni hutua imejaa salfa kuanzia miguu hadi soketi ya betri. Salfa ndiyo kinga yetu dhidi ya ubwiriunga, lakini ikikaa kwenye shaba huigeuza nyeusi. Umeme hupita kwa shida na soketi hupata moto. Ndiyo maana usafi naufanya hukohuko shambani, hata kama dereva wa pikapu ameshaanza kupiga honi.

Kwanza naweka maji safi tangini na kuendesha pampu hadi nozeli zitoe maji matupu, kisha natoa betri. Chujio nalisugua kwa mswaki, kwa sababu salfa ikilala humo usiku mmoja huganda. Mota hazirushiwi maji. Nazifuta, halafu nazungusha kila moja kwa kidole. Beringi iliyoingia mchanga hukwaruza, na kidole hulijua hilo kabla ya sikio. Panga lenye ufa halipakwi gundi, linatupwa.

Kila betri ina namba yake na ukurasa wake. Seli ya kawaida ikijaa husoma karibu volti 4.2, ila mimi hutazama zaidi pengo kati ya seli na seli. Seli moja ikizidi kubaki nyuma wiki hadi wiki, betri hiyo naistaafisha hata kama haijavimba. Iliyovimba hatuijadili. Iliyotoka kuruka haichajiwi mpaka ipoe, na zinazokaa bila kazi nazishusha hadi karibu volti 3.8 kwa seli.

Droni hujiwekea kumbukumbu za safari zake, lakini haijui nani alibadilisha mota wala kwa nini. Hayo ni ya daftari. Kurasa za tiki tupu sizitaki; nataka mistari kama huu: "Mota 3 inakwaruza. Beringi mpya. Imejaribiwa bila dawa, haikwaruzi." Chini yake tarehe, saa za kuruka na sahihi. Mota ikihamia droni nyingine, historia yake inahama nayo. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, usifute.

Daftari lenyewe hulowa, kwa hiyo jioni naupiga picha ukurasa wa siku hiyo na kumtumia msaidizi wangu.