Tangi la Dizeli: Metali Inayofaa na Inayoharibu Injini

Stima inapopotea usiku mitaani Jamhuri, Woodley na Dagoretti Corner, jenereta za kliniki, maduka na majengo ya ghorofa huanza kunguruma. Nyingi hufanya kazi hadi stima irudi. Nyingine hunguruma dakika chache, hukohoa, kisha huzima. Lawama huelekezwa kwa dizeli: imechanganywa na mafuta ya taa au maji. Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakikagui, nacho ni metali iliyotumiwa kuunda tangi na mabomba yake.

Baadhi ya matangi ya akiba huundwa na mafundi wa jua kali, na Nairobi ina mafundi hodari wa kazi hiyo. Fundi huunda alichoagizwa. Mteja naye huweza kuagiza mabati na mabomba ya maji akijua kwamba hayashiki kutu haraka. Kwa maji, uamuzi huo ni sawa. Kwa dizeli, ni kosa.

Kwa nini mabati hayafai

Mabati ni chuma kilichopakwa zinki. Dizeli inapokaa muda mrefu, huungana polepole na oksijeni ya hewa na kutoa asidi kidogo. Asidi hiyo huila zinki na kutengeneza sabuni ya zinki, uchafu laini unaoteleza. Sabuni hiyo husafiri pamoja na mafuta, huziba filta na kuganda kwenye nozeli. Ndani ya pampu na nozeli, nafasi kati ya kipande na kipande ni mikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuzuia injini isiwake.

Kwa nini shaba haifai

Shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme, huharibu kwa njia nyingine. Chembe zake chache zikiingia kwenye dizeli huharakisha kuzeeka kwake, hata mafuta yakawa meusi na kuacha utando kama gundi. Shaba ya manjano, inayotengenezewa koki na viungo vya mabomba, ina tabia hiyo pia. Risasi na bati, zinazopatikana kwenye lehemu, nazo huchochea uharibifu. Filta haisaidii hapa, kwa sababu shaba iliyokwisha kuyeyuka kwenye mafuta hupita ndani yake.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona injini nyingi zina washa za shaba kutoka kiwandani? Jibu liko kwenye ukubwa na muda. Washa ndogo hugusana na mafuta yanayopita. Tangi na bomba refu hugusana na mafuta yaliyotulia kwa wiki au miezi. Jenereta ya akiba ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa dizeli yake hukaa ikingoja.

Maji na metali mbili

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku huwa na baridi. Hewa iliyo ndani ya tangi lisilojaa ikipoa, unyevu wake hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hutulia chini. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji hayo, huwa kama betri ndogo, na moja huliwa haraka. Koki ya shaba iliyofungwa chini ya tangi la alumini hulitoboa tangi, wala si koki.

Cha kuchagua

Kwa tangi na mabomba, chagua chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida kisichopakwa zinki. Nje lipakwe rangi dhidi ya kutu. Ndani liachwe bila zinki wala rangi ya kawaida. Chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi, ila bei yake ni ya juu. Alumini pia inafaa ikiwa maji hutolewa mara kwa mara. Viungo na koki viwe vya metali ileile ya tangi.

Kabla ya kununua, kwaruza kwa msumari na ujaribu kwa sumaku. Rangi ya manjano au nyekundu chini ya mng'aro ni shaba, na sumaku haiishiki. Mabati hushikwa na sumaku kama chuma kingine, kwa hiyo tazama sura yake: ni ya kijivu kinachong'aa, mara nyingi yenye mabaka kama maua.

Tangi la mabati likiwa tayari limefungwa

Usingoje lizime injini. Filta inayoziba kila mara, utelezi wa kijivu ndani yake, au injini inayopoteza nguvu ikibeba mzigo ni dalili za kutosha. Badilisha tangi na mabomba, yakiwemo yanayorudisha mafuta, kisha weka filta mpya. Usimruhusu mtu kuchomelea tangi lililowahi kuwa na mafuta. Mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Moshi wa zinki inayochomwa nao huleta homa. Dizeli iliyoharibika isimwagwe mtaroni, kwani mitaro huishia mitoni. Ikabidhiwe mkusanyaji wa taka za mafuta mwenye leseni ya NEMA.

Baada ya hapo, toa maji chini ya tangi kila wiki, na uwashe jenereta ikiwa na mzigo angalau mara moja kwa mwezi. Hitilafu ikigunduliwa mchana fundi akiwa karibu, haitamshtua muuguzi usiku mama akijifungua.