Saini Moja Inayoongeza Robo ya Sadaka

Ijumaa msikitini au Jumapili kanisani, katika miji ya Uingereza wanakoishi wenzetu, bahasha ndogo hupitishwa safu kwa safu. Mbele yake pana nafasi ya jina, anwani na kisanduku cha kutia alama ya vema. Wengi hutia noti yao ndani, wakafunga, na kisanduku wakakiacha kitupu. Hapo ndipo pesa zinapopotea, nazo si za mtoaji. Ni pesa ambazo serikali ilikuwa tayari kuzirudisha.

Kisanduku hicho ni cha mpango uitwao Gift Aid, ulioanza mwaka 1990. Mwanzoni uliwafaa wenye uwezo tu, maana mchango wa chini ya pauni 600 haukukubaliwa. Kiwango cha chini kiliondolewa kabisa mwaka 2000, na tangu hapo hata pauni 2 ina haki yake. Hesabu yake ni nyepesi. Mshahara wako umekwisha katwa kodi ya asilimia 20, kwa hiyo ili upate pauni 100 mkononi ulichuma 125. Ukiitoa hiyo 100 kwa shirika la hisani na kutia saini, shirika linadai zile 25 kutoka HMRC, mamlaka ya mapato ya Uingereza. Wewe huongezi hata senti. Kama mshahara wako unafikia kodi ya asilimia 40, zipo pauni 25 nyingine unazoweza kudai mwenyewe unapopeleka hesabu zako za mwaka, na hakuna anayekuzuia kuzitoa sadaka nazo.

Lakini usitie saini kwa kufuata mkumbo. Saini ile ni tamko kwamba katika mwaka wa kodi, unaoanza Aprili 6 na kuishia Aprili 5, umelipa kodi isiyopungua kiasi kitakachodaiwa na mashirika yote uliyoyachangia. Kwa kawaida mtu mwenye kipato kisichozidi pauni 12,570 kwa mwaka hakatwi kodi ya mapato. Mwanafunzi anayefanya vibarua vya wikendi, au mama aliyeacha kazi kulea, akitia alama kwa nia njema anaweza kuja kudaiwa tofauti. Atoe sadaka yake, ila kisanduku akiache. Na ukipoteza kazi baada ya kusaini, mjulishe mhazini wa shirika.

Jambo jingine linalotukwaza ni mazoea yetu ya kuchanga kwa pamoja. Mtu mmoja anazunguka na kofia, au anakusanya michango ya kundi la WhatsApp, kisha anaipeleka yote kwa jina lake. Hilo halikubaliki, kwa kuwa mpango unamtambua mtu aliyetoa pesa zake mwenyewe. Kila mchangaji na ajaze fomu yake. Pesa za kusafirisha maiti hadi Mombasa au Tanga, karo ya mpwa, na dawa za bibi nazo hazimo. Ni wema mkubwa, pengine kuliko wote, lakini zinakwenda kwa jamaa, na sheria inataka shirika lililotambuliwa. Shirika lenyewe lazima liwe la Uingereza. Kituo cha yatima kilichosajiliwa Tanzania hakiwezi kudai, ila shirika la Uingereza linalokihudumia kituo hicho linaweza.

Je, nafuu ya kodi ndiyo inayomfanya mtu awe mkarimu? Kwa sehemu tu. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Uholanzi, René Bekkers na Pamala Wiepking, walichapisha mapitio ya maandiko zaidi ya 500 ya kitaalamu na kubainisha mambo manane yanayomsukuma mtu kutoa. Gharama na faida ni jambo moja kati ya hayo. Mengine ni pamoja na kuuona uhitaji, imani na maadili, heshima mbele ya watu, kuamini kwamba mchango utafanya kazi, na hili tunalolidharau: kuombwa. Mtu asiyeombwa mara nyingi hatoi.

Tabia zetu pia hazifanani. James Andreoni na Lise Vesterlund waliwapima wanaume na wanawake katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001. Kutoa kulipokuwa rahisi, wanaume walitoa zaidi. Kulipokuwa ghali, wanawake waliwapita. Mhazini mwenye busara hatawahubiria wote hoja moja. Catherine Eckel na Philip Grossman nao walionyesha mwaka 2003 kwamba watu huitikia zaidi mchango wao unapoongezewa kuliko wanaporudishiwa sehemu yake, hata pale hesabu mbili hizo zinapolingana. Kwa hiyo naona ni vizuri tangazo liseme, “Pauni yako itafika ikiwa pauni na senti 25,” kuliko kueleza vifungu vya kodi.

Walioko Marekani wana utaratibu mwingine. Huko nafuu humwendea mtoaji, na kwa miaka mingi ilimfaa tu yule anayeorodhesha makato yake moja moja. Sheria ya mwaka 2017 ilipandisha makato ya jumla ya mtu mmoja, yaani yale yasiyohitaji orodha, kutoka dola 6,350 hadi 12,000, na walioorodhesha wakashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi karibu asilimia 10. Kuanzia mwaka wa kodi 2026, hata asiyeorodhesha anaruhusiwa kukata hadi dola 1,000 za michango ya fedha taslimu, na mume na mke wanaowasilisha pamoja dola 2,000. Tunza risiti. Kwa mchango wa dola 250 au zaidi, hakikisha una barua ya shirika.

Kwa ndugu walioko Uingereza, bado hamjachelewa. Tamko moja linaweza kugusa michango ya miaka minne iliyopita, mradi ulilipa kodi ya kutosha katika kila mwaka na shirika lina kumbukumbu za ulichotoa. Aliyekuwa akitoa pauni 20 kila mwezi ametoa 960 katika miaka hiyo minne. Saini yake italiletea shirika pauni 240 zaidi, ambazo ni sawa na michango yake ya mwaka mzima. Muulizeni mhazini fomu hiyo wiki hii.